Baridi Haiui: Historia Fupi ya Friza Katika Nyumba za Nairobi

Mada ya leo ni friza. Iwe ni lile sanduku kubwa linalofunguka juu, au ni kile kijisehemu cha barafu kilicho ndani ya friji ya mlango mmoja, yote tutayagusa. Pengine unajiuliza, muuguzi anatafuta nini ndani ya friza yangu? Natafuta kuhara. Umri ambao mtoto huhara zaidi ni kati ya miezi 6 na miaka 2, yaani ule wakati ameanza kula chakula cha nyumbani. Na siku hizi chakula hicho, hasa hapa mjini, kimelala kwenye baridi kabla ya kufika kwenye sahani yake.

Ili tuelewane vizuri, turudi nyuma kidogo. Kabla ya friza watu walihifadhije chakula?

Ukikaa Kangemi au Kawangware, majirani zako wametoka pembe zote za Kenya, na kila mmoja ana jibu lake. Mwenzetu kutoka Nyanza atakuambia juu ya aliya, nyama iliyokatwa vipande virefu ikaanikwa juani hadi ikakauka kabisa. Msomali au Mborana atakutajia nyirinyiri, nyama inayokaushwa, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta. Mkalenjin ana mursik, maziwa yaliyolazwa katika kibuyu kilichopakwa mkaa. Mtu wa pwani ana ng'onda, samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa. Na katika vijiji vingi nyama haikuhifadhiwa hata kidogo. Mbuzi akichinjwa, ukoo na majirani waliitwa, na kufika usiku alikuwa amekwisha. Matumbo ya watu ndiyo yalikuwa ghala.

Nataka uangalie jambo moja hapo. Kila njia ilikuja na masharti yake, na masharti hayo yalifunzwa pamoja na njia yenyewe. Wingu likitanda, nyama inaingizwa ndani. Mafuta lazima yafunike nyama yote, kipande kisichungulie nje. Kibuyu huoshwa na kukaushwa kabla ya kutiwa maziwa mapya. Msichana aliyajua hayo kabla hajaolewa, kwa sababu mama yake alimsimamia na kumkosoa. Friza nayo ina masharti, lakini iliingia nyumbani kwetu imefungwa kwenye katoni, pamoja na kijitabu ambacho wengi wetu hatukukifungua.

Baridi ya mashine yenyewe haina umri mkubwa. Mwaka wa 1882 meli iliyoitwa Dunedin ilitoka New Zealand ikiwa imebeba nyama ya kondoo iliyogandishwa, ikasafiri zaidi ya miezi 3 hadi London, na nyama ikafika ikiwa nzuri. Watu walistaajabu. Kisha kati ya mwaka wa 1912 na 1915 Mmarekani mmoja, Clarence Birdseye, alikuwa akifanya kazi Labrador, mashariki mwa Kanada ya leo. Huko aliwaona wenyeji, Wainuit, wakivua samaki katika baridi kali mno. Samaki waliganda papo hapo, na walipopikwa miezi kadhaa baadaye ladha ilikuwa kama ya samaki mbichi. Birdseye akatambua kwamba siri iko kwenye mwendo. Chakula kikiganda upesi, chembe za barafu ndani yake huwa ndogo na hazipasui nyama. Kikiganda polepole, chembe huwa kubwa, zinaipasua, na kikiyeyuka kinatoa maji mengi na kuwa laini kama sponji. Mwaka wa 1930 vyakula alivyogandisha vikaanza kuuzwa madukani katika mji wa Springfield, Massachusetts.

Somo hilo la Wainuit linakuhusu wewe uliye Uthiru. Ukitupa furushi la kilo 3 za nyama ndani ya friza, nje linaganda lakini katikati linabaki na joto kwa saa nyingi, na vijidudu vinaendelea kuzaana humo. Gawa nyama kwa kiasi cha mlo mmoja. Ilaze bapa, iwe nyembamba kama kitabu cha shule, usiifanye mviringo kama mpira. Itaganda upesi, na siku ya kupika itayeyuka upesi.

Sasa tuje Nairobi. Reli ilifika hapa mwaka wa 1899. Kuhusu umeme, hadithi inaanzia mbali zaidi, kwa sababu kampuni ya umeme yenyewe hutaja kwamba mwanzo wake ni jenereta aliyoinunua Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, mwaka wa 1875 ili kuangaza kasri lake. Jenereta hiyo ikaja kununuliwa na mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee mwaka wa 1908 na kuhamishiwa Mombasa. Mwaka huo huo Nairobi nayo ikapata kibali cha kampuni yake ya umeme, na mwaka wa 1922 kampuni za miji hii miwili zikaungana kuwa East African Power and Lighting. Jina hilo lilidumu hadi 1983, ikaitwa Kenya Power and Lighting, na tangu 2011 tunaijua kama Kenya Power.

Umeme huo haukugawiwa sawa. Mji ulikuwa umegawanywa kwa rangi. Wazungu walikaa upande wa magharibi na kaskazini penye hewa nzuri, Waafrika wakasukumwa mashariki, Pumwani na kwingineko. Katika nyumba za wakubwa, nyama ilikaa kwanza kwenye kabati la wavu lisiloingiza nzi, au katika chumba kidogo chenye kuta za mkaa uliolowanishwa maji, ambao upepo ukipita unaleta ubaridi. Baadaye zikaja friji za mafuta ya taa, kisha za umeme. Mwafrika aliyefungua mlango wa friji miaka hiyo mara nyingi alikuwa mpishi, na friji haikuwa yake. Jioni alirudi kwake, mahali ambapo chakula cha leo kilipikwa leo. Kangemi na Kawangware zilikua hivyo hivyo, kando ya mitaa ya wenye uwezo kama Lavington na Loresho, zikiwalaza watu waliofanya kazi katika nyumba hizo.

Nyama ya mjini pia ilikwenda kwa njia mbili. Mwaka wa 1950 iliundwa Kenya Meat Commission, yenye kiwanda cha Athi River na vyumba vikubwa vya baridi. Nyama yake ilitunzwa katika baridi na nyingine kuuzwa nchi za nje. Kiwanda hicho kilikuja kufungwa miaka ya 1990, kikafunguliwa tena 2006. Njia ya pili ndiyo yako na yangu. Ng'ombe anachinjwa Dagoretti usiku au alfajiri, mkaguzi anapiga muhuri, nyama inapakiwa kwenye sanduku la bati nyuma ya gari au pikipiki, na saa moja asubuhi inaning'inia kwenye dirisha la bucha ikiwa na joto bado. Inashinda hapo mchana kutwa. Unapita saa kumi na mbili jioni ukitoka kazini, unakatiwa kilo moja, unapanda matatu, kuna msongamano Waiyaki Way, unafika nyumbani saa mbili usiku na kuitia kwenye friza.

Hesabu mwenyewe. Nyama hiyo haijawahi kuonja baridi tangu mnyama alipokuwa hai. Friza haikuikuta ikiwa mbichi, iliikuta ikiwa na siku nzima mgongoni. Hapa ndipo penye neno langu kuu la leo: baridi haiui vijidudu. Inavisimamisha tu, kama saa ya ukutani iliyotolewa betri. Ukirudisha betri, saa inaendelea pale pale iliposimamia, haianzi upya. Nyama iliyoingia friza na vijidudu elfu itatoka na karibu vile vile elfu, na vikipata joto vinaendelea na kazi yao.

Ni kweli baridi kali ya siku kadhaa huua baadhi ya minyoo, kama mabuu ya tegu yanayokaa kwenye nyama ya ng'ombe. Ndiyo sababu wengine husema friza inasafisha nyama. Lakini mnyoo si kijidudu cha kuhara, na si virusi. Utakumbuka homa ya Rift Valley iliyoanza kaskazini mashariki mwishoni mwa 2006 na kuendelea hadi 2007. Watu zaidi ya 150 walikufa hapa Kenya. Nyama ya mnyama mgonjwa wa maradhi kama hayo haitakaswi na friza hata ikikaa mwaka mzima. Nyama isiyo na muhuri wa mkaguzi usiinunue kwa sababu ni rahisi ukidhani baridi itakusaidia.

Kwa hiyo nakushauri hivi. Siku ya kununua nyama ya kuweka, iwe Jumamosi asubuhi, si jioni ya kazi. Nenda kwenye bucha unayoijua, au ukiwa katikati ya jiji ingia City Market pale Muindi Mbingu, mapema, na utoke huko moja kwa moja hadi nyumbani. Kutoka inapokatwa hadi inapoingia baridini zisipite saa 2. Nyama ya kusaga ndiyo ya kuangaliwa zaidi, kwa sababu vijidudu vilivyokuwa juu ya nyama vimesagwa vikaingia ndani. Ikiwa ni ya jioni, ipike usiku huo huo. Samaki pia. Tangu miaka ya 2010 samaki walioganda kutoka China wamekuwa wengi katika masoko yetu, na wengine huuzwa mezani wakiwa wameshayeyuka, wakifanana na waliovuliwa jana. Muulize muuzaji bila haya kama samaki alikuwa ameganda. Kama ndiyo, usimrudishe kwenye friza. Mpike leo.

Na usiamini macho peke yake. Mwaka wa 2019 runinga ya NTV ilionyesha uchunguzi kuhusu nyama ya supamaketi fulani za Nairobi iliyotiwa dawa, sodiamu metabisulfaiti, ili ibaki nyekundu ya kupendeza. Wengi waliacha nyama ya supamaketi, wakaanza kununua kwa wingi kwa mtu wanayemjua na kugandisha wenyewe. Naelewa kwa nini, lakini hapo ndipo friza zetu zilipojaa hadi mlango ukakataa kufunga.

Kabla sijafika kwenye usafi, niwaeleze friji nyingine ambayo mmeiona mara nyingi bila kuitazama. Ni ile ya kliniki. Mpango wa chanjo wa Kenya, KEPI, ulianza mwaka wa 1980, na tangu hapo wauguzi tumefunzwa kuiheshimu friji kuliko kabati la pesa. Ina kipimajoto ndani. Asubuhi na jioni tunaandika joto kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, nayo lazima iwe kati ya nyuzi 2 na 8. Hatuweki soda wala chakula humo, hata kama ni siku ya joto. Hatufungui mlango ovyo. Tangu 1996 chupa za chanjo ya polio zimekuwa na alama ndogo inayobadilika rangi chanjo ikipata joto kupita kiasi, na ikibadilika tunaitupa bila mjadala, haidhuru ilikuwa na bei gani.

Nyama yako haina alama hiyo. Kwa hiyo wewe mwenyewe lazima uwe alama. Njia moja rahisi: jaza kikombe maji, kigandishe, kisha weka sarafu ya shilingi juu ya barafu na ukiache ndani ya friza siku zote. Ukirudi kutoka mashambani baada ya wiki moja, tazama. Sarafu ikiwa juu, stima haikupotea sana. Ikiwa imezama katikati, barafu iliyeyuka nusu. Ikiwa iko chini kabisa, kila kitu humo kiliyeyuka kikaganda tena, na ugumu unaouona ni wa kukudanganya.

Stima yetu ina historia yake nayo. Mvua ilipokosekana mwishoni mwa miaka ya 1990, mabwawa ya mto Tana yalipungua maji, na mwaka wa 2000 tukaingia katika mgao wa umeme. Mitaa ilizimwa kwa zamu, mchana kwa saa nyingi. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda kwenye kituo cha Gitaru, akaanguka juu ya transfoma, na nchi nzima ikazimika. (Tumbili mwenyewe alipona.) Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 nchi ikazimika tena, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia giza, na sehemu nyingi zilikaa hadi siku ya pili bila stima. Hayo ni ya taifa. Ya nyumbani ni tokeni kuisha saa saba usiku nanyi mmelala.

Stima ikipotea, jambo la kwanza ni kutofungua. Friza iliyojaa, ikifungwa vizuri, hushika baridi kama saa 48. Iliyojaa nusu, kama saa 24. Friji ya kawaida, saa 4 tu. Kile kijisehemu cha barafu katika friji ya mlango mmoja usitarajie kivuke usiku. Kama friza yako haina vitu vingi, jaza nafasi kwa chupa za maji, ukiacha pengo juu kwa sababu maji yakiganda hupanuka. Chupa hizo zitaisaidia kushika baridi.

Stima ikirudi, kagua kipande kimoja kimoja kwa mkono, usikague kwa pua. Kilicho kigumu kama jiwe, au kilicho na chembe za barafu ndani, kirudishe. Kilicholainika lakini bado kina ubaridi wa friji, kipike leo, kichemke vizuri hadi katikati. Kikishapikwa na kupoa unaweza kugandisha mchuzi wake. Kilichopata joto na hujui kilikaa hivyo saa ngapi, kitupe.

Hapo najua nimegusa donda. Kilo 2 za nyama si pesa kidogo, na mama wengi huniambia, "Sista, nitaichemsha sana." Ningependa iwe hivyo. Lakini kuna vijidudu ambavyo vikishazaana katika joto hutoa sumu ndani ya chakula, na baadhi ya sumu hizo haziondoki kwa kuchemsha. Kijidudu kitakufa, sumu yake itabaki, na mtoto wa kilo 8 atatapika ndani ya saa chache. Mtu mzima anaweza kuumwa tumbo kidogo tu akaenda kazini. Mtoto mdogo maji ya mwili humwishia haraka mno. Kitupe, kikiwa kimefungwa, mahali ambapo watoto na mbwa hawatakifukua, na usimpe jirani kile usichoweza kumpa mwanao.

Sasa usafi wenyewe. Watu wengi husafisha friza siku ile imenuka. Mimi nakuomba uisafishe kila baada ya miezi 3, au barafu ya ukutani ikifika unene wa kidole. Barafu hiyo si dalili ya nguvu. Ni blanketi linalozuia baridi kufikia chakula, na mashine inakula tokeni zako bure. Wiki moja kabla, acha kuongeza vitu, pika vilivyomo. Siku yenyewe chomoa plagi, toa kilichobaki, kifunge kwa gazeti na blanketi ndani ya beseni au ndoo yenye kifuniko. Weka sufuria la maji ya moto ndani, funga mlango, subiri. Usichokonoe barafu kwa kisu. Kuna mabomba membamba ya gesi nyuma ya ukuta huo, na ukilitoboa moja, friza imekufa. Barafu ikianguka, osha kuta kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo, suuza, kisha pangusa kwa maji yenye siki au ndimu kuondoa harufu. Mpira wa mlango ndio husahaulika. Katika mikunjo yake hukaa damu ya nyama na uchafu mweusi. Utumie mswaki wa zamani. Halafu ujaribu kwa noti: ifunge noti katikati ya mlango, ivute. Ikitoka bila kukataa, mpira umechoka na baridi inavuja mchana na usiku. Kausha ndani kabisa, rudisha plagi, ngoja baridi ijae ndipo urudishe chakula.

Mpangilio una sababu yake. Kuku mbichi na nyama mbichi zikae chini, zilizopikwa juu, ili damu isidondoke kwenye maharagwe ya mtoto. Kwenye kila mkebe bandika kipande cha selotepu na uandike kwa kalamu: ni nini, tarehe gani. Bila tarehe, maharagwe ya Machi na ya Agosti yanafanana. Tazama pia nyota zilizo kwenye mlango wa sehemu ya barafu. Nyota 1 ni nyuzi 6 chini ya sifuri. Chakula kilichoganda kisizidi wiki 1 humo. Nyota 2 ni nyuzi 12 chini ya sifuri, mwezi 1. Nyota 3 ni nyuzi 18, kama miezi 3. Nyota 4 ndiyo friza yenye nguvu za kugandisha nyama mpya. Kijisehemu cha nyota 1 si mahali pa kugandishia nyama ya wiki nzima, hata kama mwenye duka alikuambia ni sawa.

Kuhusu vyombo, tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku, na mimi nafurahi, kwa sababu ile mifuko myeusi haikutengenezwa kwa chakula. Lakini wengine wamehamia kwenye gazeti. Wino wa gazeti hushika nyama mbichi, na gazeti lililolowa damu huganda likawa kitu kimoja na nyama. Tumia mikebe yenye vifuniko. Mkebe wa mafuta ya kupikia uliooshwa vizuri unafaa. Mkebe wa rangi au wa dawa haufai hata ukioshwa mara mia.

Githeri na maharagwe ya kuchemsha ndiyo hazina ya friza ya Nairobi. Unachemsha mara moja kwa wiki, gesi haiishi upesi. Ila usiyaache kwenye sufuria usiku kucha yapoe. Yagawe kwenye mikebe midogo, weka mikebe ndani ya beseni la maji baridi, na kabla saa 2 hazijapita yawe ndani. Nyama ya kuyeyusha itoe usiku uiweke sehemu ya chini ya friji. Kuiacha kwenye sinki asubuhi ukienda kazini, uikute jioni imelainika, ni kuipa siku nyingine ya bucha.

Barafu ya kunywa nayo ni chakula. Mwaka wa 2017 kipindupindu kilipoingia hata kwenye mikutano ya watu wakubwa jijini Nairobi, wengi walishangaa kwamba ugonjwa huu hauogopi tai. Vijidudu vyake huweza kukaa hai ndani ya barafu. Barafu ya mtoto itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa.

Kwa mama anayenyonyesha na kurudi kazini, friza inaweza kuwa rafiki mkubwa. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inamtaka mwajiri akupe mahali safi pa kunyonyesha au kukamua. Maziwa uliyokamua hukaa saa 4 mahali penye ubaridi wa kawaida wa chumba, siku 4 kwenye friji, na kama miezi 6 kwenye friza kamili. Yaweke kiasi kidogo kidogo, yenye tarehe, ndani kabisa na si mlangoni. Yakiyeyuka, yatumike ndani ya saa 24, yasigandishwe tena. Yapashe kwa kuweka chombo ndani ya maji vuguvugu, na umnyweshe kwa kikombe. Akina mama wengine huona kinyaa kuchanganya maziwa yao na friza. Kumbukeni kwamba mwaka wa 2019 hospitali ya Pumwani ilifungua benki ya kwanza ya maziwa ya mama hapa Kenya, ambapo maziwa ya mama waliojitolea hupimwa, hupashwa moto kuua vijidudu, na kugandishwa kwa ajili ya watoto wachanga ambao mama zao hawawezi kuwanyonyesha. Baridi ile ile, pamoja na masharti yake.

Na chakula laini cha mtoto ulichogandisha, kipashe mara moja tu hadi kitoe mvuke, kipoe, ale. Anachobakisha usikirudishe.

Mtoto akianza kuhara, mpe maji ya ORS kidogo kidogo na uendelee kumnyonyesha. Kliniki atapewa pia tembe za zinki. Akiwa na macho yaliyozama, akitapika kila kitu, akiona kiu sana au akilegea asitake kunywa, au ukiona damu kwenye choo, usingoje asubuhi. Mbebe umpeleke hospitali usiku huo huo, na ukifika mwambie muuguzi alikula nini na kilitoka wapi.

Wiki ijayo tutaongea juu ya maji ya mtungi na ya tangi.